Zamu ya Mama kwenye Benchi la Bustani

Kwenye karakana ya mapazia hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Pindo, na msidhani ni jina la kudekezwa. Pazia halitoki mlangoni pale mpaka yeye ameliinamia, akalivuta huku na huku, akalitazama kwa jicho moja kama mtu anayetunga uzi, na pindo likiwa limekwenda upande hata kidogo, basi umekwisha, utalifumua lote. Mafundi wenzake humtania kwamba hata siku ya kuzikwa atafufuka kwanza akague sanda, ndipo alale.

Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kuna majumba ya zamani huko ufukweni, majumba ya matajiri waliokwisha kujifia, yenye bustani, yenye vitanda vyao na mapazia yao yale yale yaliyoshonwa kwa mkono, unadhani atatulia? Miaka yote Pindo alikuwa akiyasikia tu kwa wateja. "Nataka pazia kama lile la chumba cha bahari," wanamwambia, na yeye anaitikia "ndiyo, ndiyo," kumbe hajawahi kuliona hata kwa ndoto. Mwaka huu karakana ilipofungwa kwa likizo akasema liwalo na liwe, naenda.

Tatizo lilikuwa mama.

Mama yake alikuwa mhudumu wa wodi maisha yake yote. Alipiga deki, alitandika vitanda, aligeuza wagonjwa, alishika mikono ya waliokuwa wakikata roho, na hospitali nzima, kuanzia walinzi hadi madaktari, ilimwita Mama Wodi. Leo hii kumbukumbu zimempotea. Atakueleza kitanda kipi kilikuwa karibu na dirisha katika wodi ya wanawake, na nani alikilalia, na alipona au hakupona. Lakini umuulize kama amekula asubuhi, atakuangalia tu. Siku akiamka vizuri, Mama Wodi humwita Pindo mwanangu. Siku nyingine anamwita sista, akidhani ni muuguzi. Na anapenda kutoka. Ukigeuza shingo tu, mlango uko wazi na Mama Wodi yuko njiani, kitambaa kichwani, anawahi kazini.

Ilikuwa kaka mtu aje akae naye siku hiyo. Kaka huyu anaishi mji mwingine, ana mdomo mtamu, na kwa ahadi humuwezi. Jioni ya kuamkia safari akapiga simu.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Kazini wamenibana. Lakini kwa nini usiende naye? Mama atafurahi kuona maua."

"Kaka, ulinihakikishia."

"Najua, najua. Wewe una subira kuliko mimi, Mungu anakuona."

Pindo akakata simu na kuitupa kitandani. Usiku ule alimfungia mama yake vitu vyake mkobani, nguo ya kubadili, chupa ya maji, dawa, biskuti, akifanya yote shingo upande na midomo imekazana. Mama alikaa kando akimtazama, hana hili wala lile, akauliza, "Tunahama?"

"Tunatembea tu, mama."

"Ah. Vizuri. Kutembea ni vizuri."

Sasa kuna jambo inabidi mlijue, maana ndilo lililoleta yote. Pindo ana ujanja wake. Aliugundua kwa bahati siku moja alipotaka kuoga na mama hakai. Kwa kuchoka akamwambia, "Mama, uko zamu. Mgonjwa amelala hapo, usimwache." Jamani! Mama Wodi akakaa kitako, mgongo umenyooka, macho kwenye mto uliokuwa kitandani, na Pindo alipotoka bafuni akamkuta vile vile. Tangu hapo ikawa ndiyo dawa yake. Akitaka kwenda dukani, "Mama, uko zamu." Akitaka kulala kidogo mchana, "Mama, uko zamu." Kwa sababu Mama Wodi, enzi zake, hakuwahi kuacha zamu kabla ya kupokelewa. Mwenzake achelewe, augue, asije kabisa, yeye yupo. Kuna siku Pindo mwenyewe, akiwa mtoto mdogo, alichemka homa nyumbani kwa jirani mpaka asubuhi, na mama yuko wodini kwa sababu wa kumpokea hakutokea.

Kwa hiyo Pindo aliutumia ujanja ule na kila mara ulimuwasha rohoni. Aliona kama anamwibia mama yake kitu cha mwisho alichobaki nacho. Lakini aliutumia.

Asubuhi wakapanda basi la watalii. Mama alipewa kiti cha dirishani, akafurahi kama mtoto, kila nguzo ya umeme anaisalimia. Pindo akalainika kidogo. Akamkumbuka mama yule wa zamani, akienda kazini alfajiri: akifika kwenye kona ya njia lazima ageuke, ainue mkono wake juu kabisa, na Pindo dirishani naye apunge. Asipopungiwa haendi. Atasimama pale pale hata mvua inyeshe, mpaka kale kamkono kaonekane kwenye kioo. Majirani walikuwa wakiwacheka wote wawili.

Majumba yalikuwa mazuri, tusidanganyane. La kwanza lilikuwa la rangi ya manjano, refu, na madirisha yake marefu yanatazama bustani upande mmoja na bahari upande wa pili. Bustani ilikuwa imechongwa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi: njia za kokoto, mawaridi yamepangwa mstari, chemchemi katikati inarusha maji, na nyuma kabisa ukuta mfupi, kisha ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Nyuma ya mawaridi kulikuwa na kijumba cha wageni cha rangi ya waridi. Mama alinusa kila ua. Moja akalisalimia shikamoo.

Mwongozaji wao alikuwa binti mwenye sauti ya kuimba. Walipofika mlangoni akasema, "Wageni wangu, ngazi za ndani ni za kuzunguka na ni nyembamba. Wazee wetu wapumzike hapa bustanini, kuna benchi zuri."

Pindo akamtazama mama yake, akatazama mlango. Moyo ulikuwa umeshapanda ngazi. Angeweza kubaki. Angeweza kumwomba mtu. Badala yake akamkalisha mama kwenye benchi, chini ya maua yaliyotambaa juu ya fremu ya mbao, akauweka mkoba kando yake, akauzungushia kitenge kama mtu aliyejifunika shuka.

"Mama, uko zamu."

Mama Wodi akanyoosha mgongo papo hapo. Akauangalia mkoba. "Amekunywa dawa?"

"Amekunywa. Usiondoke mpaka nije kukupokea."

"Mimi niondoke?" mama akasema, na akachukia kidogo. "Umeniona lini nikiacha zamu?"

Basi Pindo akapanda. Na nakwambia, kule juu alisahau dunia. Chumba cha kwanza kina pazia la hariri lenye marinda membamba kama yamepangwa kwa wembe. Cha pili kina pazia lenye bitana ya pamba iliyoshonwa kwa mkono, mshono mdogo hata jicho linauma kuutafuta. Mwongozaji alikuwa akisimulia habari za mwenye nyumba na vita na farasi wake, Pindo hasikii hata neno moja. Yuko ukutani, amechuchumaa, anakagua mapindo ya wafu. Mara akajikuta anatabasamu peke yake. Halafu akagundua kwamba tangu alfajiri ile, au tuseme tangu miezi mingi, hii ndiyo mara ya kwanza hakuna anayemwita. Mabega yakamshuka. Akapumua mpaka chini tumboni.

Kilikuwa kimebaki chumba kimoja, chenyewe hasa, chumba cha bahari. Wengine walikuwa wameshaingia. Pindo akapita kando ya dirisha la ukumbini linalotazama bustani, akachungulia.

Alimwona. Wala tusizunguke, alimwona vizuri kabisa. Mtunza bustani alikuwa amesimama karibu na benchi na mpira wake wa maji, na mama alikuwa amesimama pia. Mama akauchukua mkoba kwa mikono miwili, akamkabidhi, akamwambia jambo. Kisha akaanza kutembea taratibu kwenye njia ya kokoto, anaelekea kule nyuma, kwenye mawaridi na ukuta. Akafika kwenye kona. Akasimama, akageuka, akainua uso kuelekea jumba, na mkono wake ukapanda juu, kama mtu anayejikinga jua.

Pindo akarudi nyuma. Hatua moja tu, akajibanza kwenye pazia.

Hakufikiri. Au alifikiri, tuseme ukweli: alifikiri kwamba mama akimwona ataanza kumwita, na itabidi ashuke, na chumba cha bahari ndiyo basi. Alifikiri, yule mtunza bustani yupo, ni mtu mzima, atamwangalia. Alifikiri, chumba kimoja tu jamani, nimekosa nini mimi? Akasimama nyuma ya lile pazia mpaka alipohisi mama ameshapita, kisha akaingia chumba cha bahari.

Pazia lilikuwa zuri. Siwezi kukueleza zaidi, kwa sababu na yeye hakumbuki zaidi. Alilishika pindo lake, akaliona limenyooka, na ghafla akaliachia. Ngazi za mawe! Ukuta ule mfupi, na ngazi zile, na maji!

Alishuka zile ngazi za kuzunguka mguu niponye, akamgonga mzee mmoja bila hata samahani. Benchi tupu. Mtunza bustani anamwagilia, mkoba umening'inia begani kwake.

"Yuko wapi mama aliyekuwa hapa?"

"Ametoka, dada. Nilimwomba apishe kidogo nimwagilie hapa. Nikamwambia usijali mama, mimi nipo, mkoba nitauangalia." Akacheka. "Ana utani mama yule! Akanikabidhi mkoba akaniambia, amekunywa dawa, asipewe maji baridi, na asante kwa kunipokea."

Pindo akalirudia neno lile. Asante kwa kunipokea. Huo ujanja wake wote, siku zote hizo, na hakuwahi kuwaza kwamba zamu ina mwisho. Mtu yeyote akisema "mimi nipo" amempokea. Na Mama Wodi aliyepokelewa hana sababu ya kukaa. Amefanya kazi yake, anakwenda zake.

"Wewe ulikuwa unamwona kutoka juu?" mtunza bustani akauliza, sasa na yeye amepata wasiwasi. "Alielekea wapi?"

"Sikumwona," Pindo akasema.

Neno likamtoka hivyo hivyo, jepesi, kama linalotoka mdomoni kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa alishasema hakumwona, hakuweza kusema ameelekea ukutani. Alikimbia mwenyewe huko bila kueleza, na yule baba wa watu, kwa wema wake, akakimbilia upande wa geti, mahali ambapo Pindo alijua kabisa mama hayupo.

Kwenye ngazi za mawe hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yakipanda ngazi ya chini na kushuka. Pindo akashuka mpaka viatu vikalowa, akaita, "Mama! Mama!" akayatazama yale maji, akatafuta rangi ya gauni, rangi ya kitambaa. Akaapa palepale. Hatalalamika tena. Hatamkunjia mama uso asubuhi. Hatasema "uko zamu" hata kwa mzaha. Na katikati ya viapo vile kukapita sauti ndogo ndani yake, ikamkumbusha jinsi alivyopumua kule juu, jinsi mabega yalivyoshuka. Akatamani ajipige kofi.

"Dada! Dada wa mapazia!" Alikuwa mwongozaji, ameshashuka na watalii wengine, anaita kutoka mlangoni mwa kijumba cha wageni. "Njoo huku! Tumempata bibi!"

Mle ndani kulikuwa na chumba cha kulala kilichozuiwa kwa kamba nyekundu mlangoni, na mlinzi amesimama mbele ya kamba, hajui afoke au acheke. Nyuma ya kamba, juu ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia tangu wenye nyumba walipokufa, Mama Wodi alikuwa amelala fofofo. Viatu vimewekwa pamoja chini ya kitanda, visigino ukutani. Kitambaa cha kichwa kimekunjwa juu ya meza. Na kabla ya kulala alikuwa ametandika kwanza. Upande aliouacha, kona za shuka zilikuwa zimekunjwa kihospitali, zimebana kabisa.

"Nimemwamsha mara mbili," mlinzi akasema. "Ananiambia nimuache, ametoka zamu."

Watalii wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa roho juu na sasa zimeshuka. Pindo akaruka ile kamba, akapiga magoti, akauweka uso wake kwenye mkono wa mama yake, akalia. Mwongozaji naye machozi yakamlengalenga. "Ona mtoto anavyompenda mama yake," akawaambia wageni. "Wangapi siku hizi wangesafiri na mzazi wa namna hii? Dada, hongera. Wewe ni wa mfano."

"Nilitoka kidogo tu," Pindo akasema. "Niligeuka tu kidogo."

"Usijilaumu. Ungejuaje?"

Wote wakaitikia, ungejuaje, ungejuaje. Mtunza bustani ndiye aliyekuwa akijilaumu. Alikuja anahema kutoka getini, jasho linamtiririka, anaomba radhi kwamba ni yeye aliyemwondoa mama wa watu kwenye benchi. Pindo alimtazama. Akamwambia, "Hapana, kaka, si kosa lako." Akapokea mkoba wake, lakini hakumwambia ni la nani.

Mchana uliobaki hakuachia mkono wa mama. Walikula biskuti kwenye benchi lile lile. Kaka mtu akapiga simu, akataka aongee na mama, mama akamwambia daktari yuko kwenye mzunguko wa wodi, apige baadaye. Kaka akacheka mpaka basi.

"Unaona? Amechangamka. Nilikwambia atafurahi. Umefanya jambo kubwa, mdogo wangu. Mimi nisingeweza."

"Kaka," Pindo akaanza.

"Eeh?"

Mama alikuwa akichuma makombo ya biskuti kwenye gauni la Pindo, moja moja, kwa makini.

"Hakuna kitu," Pindo akasema. "Tunarudi jioni."

Jioni wakapanda basi. Alikaa dirishani, Pindo akamfunika miguu, na ndipo mama akamshika kiwiko na kumvuta karibu, kama mtu mwenye siri.

"Sista."

"Naam, mama."

"Kale katoto kangu leo hakakunipungia."

Pindo akabaki ameinama vile vile.

"Nimetoka zamu, nimefika kwenye kona, nimegeuka. Nikakaona dirishani, kamesimama kabisa. Nikapunga. Kakaniangalia, kakajificha nyuma ya pazia." Mama alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile sauti ya mtu anayehesabu makosa yake mwenyewe. "Nimesimama sana pale, sista. Nikasema labda katatoka. Kamenichukia. Na kana haki. Nakaacha sana peke yake."

"Hakakuchukia, mama."

"Wewe unakajua?"

Pindo akafungua mdomo. Miezi yote hiyo alikuwa akimwomba Mungu mama akumbuke kitu, kitu chochote, hata kiwe kidogo. "Nakajua," akasema. "Hakakuchukia. Kalikuwa kanaangalia mapazia."

"Mapazia," mama akasema, akawaza. "Basi ukikaona, kaambie sijakasirika."

Mkoba! Mkoba ulikuwa umebaki kwenye benchi. Dereva akasema kimbia dada, tunakusubiri. Pindo akakimbia, akauchukua, akarudi, na alipofika kwenye kona ya getini akaliona basi, na dirisha, na uso wa mama kwenye kioo unamtazama moja kwa moja.

Akasimama. Akaweka mkoba chini, akainua mkono juu kabisa, akapunga.

Mama alimtazama. Abiria aliyekaa kiti cha nyuma, mama mmoja mwenye roho nzuri, akainama kwenye dirisha lililo wazi na kumwambia kwa sauti, "Bibi, mwanao huyo anakupungia! Mpungie!"

"Huyo?" Mama Wodi akasema, na Pindo akasikia kila neno. "Huyo ni sista wa zamu. Mwanangu mimi yuko nyumbani, dirishani."

Dereva akapiga honi. Pindo hakushusha mkono. Akaendelea kupunga, na watu ndani ya basi wakaanza kucheka, wakidhani ni utani wa mtu na mama yake.